Nilivyoamua Mabishano ya Manowari Katika Mchezo Wetu wa Historia Mbadala

Katika mchezo wa historia mbadala tunaoucheza hapa Tanga, tunachukulia kwamba ile tufani ya Aprili 1872 haikuipiga Zanzibar, kwa hiyo Sultani Barghash hakupoteza merikebu zake, na pwani yote ikabaki chini ya dola yenye nguvu za baharini. Jioni moja barazani huhesabiwa kuwa mwaka mmoja wa mchezo. Mimi ndiye mwamuzi, na jambo lililonipa kazi kuliko yote lilikuwa kuamua silaha gani inaweza kupatikana mwaka gani.

Ubishi mkubwa ulizuka tulipofika mwaka 1895, pale kijana mmoja wa upande wa Sultani alipotaka kuunda manowari yenye mizinga mikubwa ya aina moja na injini za turbini, yaani zinazozungushwa na mvuke unaosukuma mapanga, takriban miaka kumi kabla ya Dreadnought, manowari ya Uingereza ya aina hiyo. Alisema fedha za karafuu zipo, na kwamba Waingereza wenyewe waliimaliza meli ile kwa mwaka mmoja na ushei. Hoja hiyo ya pili iliwateka wengi, nami niliona kwamba isipojibiwa kwa ushahidi mchezo mzima utakuwa ndoto tu.

Ni kweli kwamba mkuku wa Dreadnought, yaani uti wa chini wa meli, ulilazwa Oktoba 1905 na meli ikakamilika Desemba 1906. Lakini mizinga yake ilikuwa imekwisha kuagizwa kwa ajili ya manowari mbili nyingine, Lord Nelson na Agamemnon, ambazo zilicheleweshwa ili yenyewe iwahi. Wajapani nao walikusudia kuipa manowari yao Satsuma mizinga 12 ya inchi 12, wakaishia kuipa minne tu ya kipimo hicho na 12 ya inchi 10, kwa kuwa mikubwa haikutosha. Mchoro walikuwa nao. Kilichopungua ni mizinga yenyewe. Tangu siku hiyo niliweka sharti kwamba anayedai silaha mpya aseme chuma chake kitafuliwa wapi, meli itapanda chelezo gani (mahali pa kuundia na kutengenezea meli), itachoma nini, na nani ataitengeneza ikiharibika.

Kuhusu turbini, aliyenisaidia ni mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli.

“Shikamoo babu,” kijana alimwambia, “lakini si Turbinia, ile meli ndogo ya turbini ya Parsons, ilikimbia mbele ya manowari zote za Waingereza pale Spithead, pwani ya Uingereza, mwaka 1897?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Ilikimbia, sikatai. Hebu pitisha kucha yako hapa.”

Mzee alikuwa amekuja na bushi (pete ya chuma ambamo mhimili huzunguka) iliyolika, imefungwa kwenye gazeti. Kijana alipitisha ukucha ndani yake, ukanasa kwenye mfereji mwembamba ambao jicho halikuuona.

“Mfereji huo ulitulaza njiani usiku kucha,” mzee alisema. “Sasa hiyo turbini yako ina mapanga mamia kwa mamia, na kila moja linazunguka karibu kabisa na ukuta. Likigusa, mtambo umekwisha. Nani Unguja atakuchongea jingine?”

Kijana hakujibu, ila aliinamia daftari lake na kuandika kwa muda mrefu.

Suala la makaa ya mawe ndilo nililolisimamia kwa ukali zaidi, kwa sababu pwani yetu ina mfano ulio wazi. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, na Königsberg ilikuwa bora kuliko yoyote ya Waingereza iliyokuwa karibu siku ile. Hata hivyo mitambo yake iliharibika, ikajificha katika delta ya Rufiji ikiwa na uhaba wa makaa, na vipande vya injini vikabebwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Haikutoka tena, Julai 1915 iliangamizwa humo humo. Nawaomba washiriki waitazame habari hiyo kwa makini, kwa maana ikiwa meli ya dola yenye viwanda kama Ujerumani ilikwama hivyo mbali na kwao, dola yetu ya mchezo haiwezi kupewa manowari kumi bila ghala moja la makaa.

Hivyo niliikataa manowari kubwa, nikaruhusu mashua za topido (bomu linalokwenda lenyewe chini ya maji) za kununuliwa Uingereza, kwa kuwa topido ya Whitehead ilikuwepo tangu 1866 na mataifa madogo yaliinunua. Niliruhusu pia mafundi wapelekwe Dumbarton, Uskoti, kwa waunda meli wa Denny, waliomuundia Barghash merikebu iitwayo Glasgow katika historia ya kweli.

Wiki chache baadaye kijana yule yule alileta dai la simu ya upepo, yaani ya kupeleka habari bila waya, kwa mwaka wa mchezo 1905. Alitaja jinsi meli ya Wajapani, Shinano Maru, ilivyotoa taarifa ya meli za Warusi kwa simu hiyo kabla ya vita vya Tsushima, Mei mwaka ule, akaeleza mitambo itakakonunuliwa, betri zitakakochajiwa, na shule itakayofundisha waendeshaji. Mzee wa reli aliuliza swali moja tu, juu ya vipuri, akajibiwa. Nililipitisha dai lile kwa sharti kwamba kituo cha kwanza kiwe Unguja na cha pili Tanga, na kwamba meli isipewe mtambo mpaka waendeshaji wake wamalize mwaka mzima wa mafunzo.