Ujumbe wa kliniki uliokuwa hausomwi

Programu yetu ya kuwakumbusha wagonjwa wa presha tarehe zao ilifanya kazi, lakini kila Jumanne viti hapa kliniki Kayole vilibaki vitupu. Nikamwomba mama mmoja anionyeshe simu yake, mulika mwizi, ile ndogo ya vitufe. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, umezidi herufi 160 za SMS moja, umekatika vipande viwili. "Nilidhani ni wale wa mikopo," akasema.

Nikauandika upya: "Shikamoo. Kliniki ni Jumanne saa 3 asubuhi. Jibu 1 kama utakuja, 2 tubadilishe siku." Ugonjwa sikuutaja, maana simu hiyo hushikwa na wajukuu. Tunautuma saa moja jioni, kujibu ni bure, na wanaojibu 2 hupigiwa simu na nesi.

Juzi mzee mmoja alijibu: "Marahaba."