Kumpeleka mzee Isle of Man TT: choo kwanza, kona baadaye

Mbio za pikipiki za Isle of Man TT, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, hazikimbiwi uwanjani. Zinakimbiwa kwenye barabara za kawaida za kisiwa, mzunguko wa kilomita 60.7 unaopita mbele ya nyumba, baa na makanisa, na barabara hizo zikishafungwa hakuna anayevuka. Kwa kijana hiyo ni kero ndogo. Kwa mtu wa miaka 75 mwenye tezi dume au magoti mabovu, ndilo jambo linaloamua kama siku itakwenda au itaharibika saa nne asubuhi.

Kuingia barabarani wakati imefungwa ni kosa la jinai, na wasimamizi hawamwonei huruma mtu kwa mvi zake. Barabara haifunguliwi mbio zinapoisha, bali baada ya gari rasmi la kufungua njia kupita mbele yenu, na gari hilo lina mzunguko mzima wa kumaliza. Ajali ikitokea, bendera nyekundu hupeperushwa na mnaweza kukaa pale pale saa mbili bila kuona pikipiki hata moja. Kwa hiyo usichague mahali kwa picha ulizoziona mtandaoni. Uliza kwanza: choo kiko hatua ngapi, kina ngazi, na tukitaka kuondoka tunatokea wapi?

Kwa jibu la maswali hayo, pa kwanza ni jukwaa kuu la Douglas, mji mkuu wa kisiwa, barabara ya Glencrutchery. Kuna viti, vyoo na chakula, na huduma ya kwanza haiko mbali. Isitoshe, hapo ndipo mzee ataona kitu zaidi ya mwale unaopita. Waendeshaji huanza mmoja mmoja, kila baada ya sekunde 10, wakigongwa begani na mwanzishaji. Katika mbio za mizunguko sita hurudi kuongeza mafuta baada ya mzunguko wa pili na wa nne: mpira wa mafuta unachomekwa kwenye tangi, gurudumu la nyuma linabadilishwa, kioo cha helmeti kinasafishwa, na mtu anaondoka kwa kishindo kuelekea mteremko wa Bray Hill. Fundi mstaafu anaweza kuangalia hayo tu siku nzima asichoke. Angalizo moja: hoteli nyingi ziko ufukweni, nje ya duara la mbio, na jukwaa liko upande wa ndani. Barabara ikifungwa mnavuka kwa daraja la miguu, na daraja lina ngazi. Fikeni mapema.

Pa pili ni Creg-ny-Baa, mteremko wa mwisho kutoka mlimani. Kuna hoteli, viti vya kulipia, na mnaziona pikipiki zikishuka kutoka mbali kabla ya kukata kona. Uzuri wake mkubwa ni barabara ya nyuma, B12, inayowatoa bila kugusa njia ya mbio. Ballaugh Bridge, pale pikipiki zinaporuka darajani, panavutia sana, ila ulizeni njia ya kutokea kabla barabara haijafungwa. Mzee mwenye kisukari asikae pale bila chakula chake mkononi.

Mji wa Ramsey nao unafikika kwa treni ya umeme kutoka Douglas, inayopita nje ya duara la mbio. Mabehewa ni ya kale na kipandio kiko juu. Bebeni kigoda kidogo cha kukanyagia, au mwombeni kondakta awape behewa lililofungwa badala ya lile la wazi lenye ubao wa pembeni.

Mweleze mzee mapema atakachokiona. Rekodi ya mzunguko ni ya Peter Hickman, 2023: dakika 16 na sekunde 36, wastani wa kilomita 219 kwa saa. Maana yake kiongozi akipita mbele yenu hamtamwona tena kwa dakika 16 na ushei. Bila redio, mzee atauliza kila mara nani anaongoza. Manx Radio hutangaza mbio zote moja kwa moja, basi chukueni redio ndogo yenye spika za masikioni. Vizibo vya masikio ni lazima pia, na mwenye kifaa cha kusikia akipunguze sauti kabla ya pikipiki ya kwanza. La mwisho ni zito, lakini lisemwe: zaidi ya waendeshaji 250 wamekufa kwenye njia hii tangu 1911. Kama moyo wa mzazi wako hauwezi kusikia habari hiyo akiwa amekaa pale, mpeleke Assen, uwanja wa mbio za pikipiki wa Uholanzi.

Kuhusu karatasi, Isle of Man si sehemu ya Uingereza kisheria, lakini viza ya matembezi ya Uingereza inafaa huko. Maombi ya wazee yanaweza kukwama kwenye pesa iliyoingia benki ghafla wiki moja kabla, isiyo na maelezo. Kama mtoto ndiye mlipaji, weka barua yake, taarifa zake za benki na uthibitisho wa undugu. Kwa upande wa mzee weka hati ya pensheni, shamba au nyumba, kuonyesha kinachomrudisha. Bima ya safari itaje presha na sukari kwa jina. Ugonjwa uliofichwa ndio sababu rahisi ya kampuni kukataa kulipa. Hakikisha pia inalipia kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa, maana hospitali ya Noble's ni ya kisiwa na kesi nzito huvushwa Uingereza.

Kuvuka bahari, mimi namchagulia mzee meli ya Manxman kutoka bandari ya Heysham, Uingereza, safari ya karibu saa nne, kuliko Manannan ya kasi kutoka Liverpool. Ile ya kasi huokoa muda, lakini mawimbi yakichafuka inarusha tumbo na ndiyo ya kwanza kufutwa. Omba kiti cha magurudumu saa 48 kabla, kwenye ndege na kwenye meli. Tiketi za wiki ya mbio hutafutwa mwaka mmoja kabla, na vyumba vivyo hivyo. Nyumba nyingi za kulala wageni ufukweni Douglas ni ghorofa za kizamani zisizo na lifti. Wenyeji hukodisha vyumba msimu huo. Ulizia cha ghorofa ya chini.

Mwanzoni mwa Juni huko ni nyuzi 14 au 15 mchana, na mlimani upepo unakata. Nguo za ndani za joto, kofia, blanketi la miguuni. Jua linazama karibu saa tatu na dakika arobaini usiku, kwa hiyo wazee hupotea kwenye dawa na, kwa Waislamu, kwenye Magharibi. Kisiwa kiko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa mbili msimu huo: dawa ya saa mbili asubuhi nyumbani inakuwa saa kumi na mbili asubuhi kule. Weka kengele kwenye simu, na dawa zote mkoba wa mkononi.

Mbio kubwa, Senior, hupangwa siku ya mwisho. Mwaka 2012 na 2025 ilifutwa kwa hali ya hewa. Fikeni mapema wiki ya mbio, muone mbio za Superbike kwanza, na meli ya kurudi iwe angalau siku moja baada ya Senior.