Mlingoti Uliokatwa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi na mama watoto tulikuwa mapumzikoni Meksiko, jimbo la Jalisco, na mwenyeji wetu akatupeleka kwenye kiwanda kidogo cha tequila. Najua wapo watakaouliza mtu wa kwaya alifuata nini kwenye pombe. Glasi zilipoletwa tulishukuru, hatukuonja. Pombe ilimaliza nyumba ya baba yangu. Msimamo wangu mnaujua. Ila kabla ya glasi tulipitishwa shambani, na huko ndiko Bwana aliponikamata.

Mimi ni mtoto wa Muheza, nimekulia kwenye mkonge. Nilipoiona agave, mmea unaotengenezewa tequila, mistari kwa mistari kwenye udongo mwekundu, nilimjua mara moja kuwa ni ndugu wa mkonge, ila huyu rangi yake inaelekea bluu. Hata mkonge wetu asili yake ni Meksiko. Miche ya kwanza ililetwa Tanga mwaka 1893. Kwetu mkonge ukikomaa hutoa mlingoti, unapanda juu kupita paa, unachanua, kisha mmea unakufa. Utotoni tuliipenda ile milingoti. Ilionekana kutoka mbali.

Nikauliza, mbona hapa sioni hata mmoja? Mkulima akainama akanionyesha kovu katikati ya majani, kavu, upana wa kiganja. Ukichomoza tu tunaukata, akasema. Ukiachwa, unanyonya sukari yote ya chini. Ukikatwa, utamu unabaki kwenye kiini, ambacho wao wanakiita piña, yaani nanasi. Mmea umekaa ardhini miaka 6 au 7, na siku unapotaka kuonekana ndipo panga linapopita.

Wapendwa, nilisimama pale machozi yakanitoka. Miezi 2 iliyopita niliondolewa uongozi wa kwaya baada ya miaka 9, akawekwa kijana. Mbele ya watu nilisema amina. Nyumbani nilikataa kutoa daftari la nyimbo, lile lenye sauti zote nne nilizoandika kwa mkono. Kila aliponipigia nilisema bado nalitafuta. Lilikuwa kabatini.

"Kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa." Nimeimba andiko hilo mara ngapi! Nilidhani kisu ni cha tawi lisilozaa, la mtu mwingine. Ndugu yangu, wewe unayesema "mimi ndiye niliyeijenga idara hii," wewe uliyesusa vikao tangu uchaguzi, mama uliyeacha kufika maombi ya Jumatano kwa sababu jina lako halikutajwa: umekatwa mlingoti, hujang'olewa. Mzizi bado uko ardhini. Usimwite adui aliyeshika kisu, maana Yesu alisema mkulima ni Baba.

Pale kiwandani vile viini huokwa siku nzima na zaidi kwenye tanuri la matofali. Wakatupa kipande cha moto, cha kahawia, kabla hakijawa pombe. Nilikitafuna: kitamu kama kiazi kitamu kilichopakwa asali. Nikabaki na nyuzi mdomoni, nikazitema mkononi nikazitazama. Nyuzi zilezile za Muheza.

Tumerudi Jumanne. Daftari nimeshalitoa kabatini, liko mezani hapa ninapoandika, na kesho jioni nitampelekea mwenyewe kwao. Niombeeni nisiende na hotuba.