Nilivyoipata entropi ya 0.323 kwa kompyuta za steshenari hapa Moshi, huku naambiwa nimekosea

Kuna jamaa kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wa fizikia, yuko nje anasoma PhD, na kila mtu akiuliza swali la simulesheni jibu lake ni hilohilo, bila klasta ya kompyuta hufiki popote, kodi seva kwa dola. Mimi nipo Moshi, namsaidia mama mdogo duka la steshenari karibu na stendi, nina digrii ya ualimu wa fizikia na hesabu, nasubiri ajira kama wenzangu wote, sasa hizo dola nazitoa wapi.

Nilichotaka kufanya si kikubwa. Simulesheni ya gridi ya pembetatu, kila kona ina spini, yaani kasumaku kadogo kanakoangalia juu au chini, na kila spini inataka iwe kinyume na jirani yake. Haiwezekani. Ni kama watu watatu wa kijiwe kimoja walioapa kila mmoja ampinge mwenzake na majibu yaliyopo ni ndiyo au hapana tu, wawili watapingana vizuri, wa tatu atake asitake atakubaliana na mmoja wao. Kwa hiyo hata ukishusha joto hadi sifuri kabisa mfumo haupati mpangilio mmoja wa kutulia, unakuwa na mipangilio kibao yenye nishati ileile, na wingi huo unabaki kama entropi, yaani kipimo cha mipangilio mingapi inawezekana. Mwanafizikia Wannier aliitatua kwa kalamu mwaka 1950 na ndiyo maana niliichagua, jibu lipo, unajipima nalo. Hao wanaoweka kwaki, chembe zinazounda protoni, kwenye gridi, kazi aliyoianzisha Wilson 1974, hadi 2008 kundi la Budapest, Marseille na Wuppertal wakatoa masi ya protoni kwa hesabu tupu, hao wana haki ya kudai kompyuta kubwa. Spini zangu 9,216 hazina haki hiyo.

Dukani tuna desktop nne, zote mtumba, i3 za kale. Saa mbili usiku tukishafunga ndiyo naanza, kila mashine naipa joto zake, asubuhi nakusanya mafaili kwa flashi. Python niliiacha mapema, nikaandika C. Na hapa kuna kitu watu wanachoma muda bure: wanaita eksponensha kila hatua ili kupata nafasi ya kugeuza spini. Ya nini? Spini ina majirani sita, kwa hiyo kuigeuza kunaongeza nishati kwa 4, 8 au 12 tu, basi. Unahesabu namba tatu mwanzoni unaziweka kwenye jedwali, ikiwa nishati haiongezeki unageuza bila kuuliza. Mashine iliyokuwa inatambaa ikaanza kukimbia.

Halafu kwenye Windows achana na rand() ya C, ile inayotoa namba nasibu. Inaishia 32767. Kwenye baridi nafasi ya kugeuza spini inakuwa ndogo kuliko moja kwa milioni, na hiyo rand ikitoa sifuri, na itatoa, spini inageuka wakati haikutakiwa, nishati inakaa juu na hutajua kwa nini. Weka jenereta ya Mersenne Twister, ipo bure tangu 1998.

Mama mdogo alinikuta asubuhi moja taa za mashine zote zinawaka.

"Mwanangu, hizi zinaprinti nini usiku kucha?"

"Haziprinti mama, zinahesabu."

"Zinahesabu hela za nani?"

Ikabidi niwe nachangia Luku, leo elfu tano, siku nyingine elfu kumi, jumla sikuiandika na sitaki kuijua. Umeme ukikatika kazi inapotea, kwa hiyo programu iwe inahifadhi gridi yote kwenye faili kila baada ya muda, pamoja na hali ya jenereta ya namba nasibu, wengi hiyo ya pili wanaisahau.

Sasa ushauri wa jamaa. Nilipouliza kwenye baridi nifanyeje maana Metropolis, njia niliyokuwa naitumia ya kujaribu kugeuza spini mojamoja, inakwenda taratibu, akanijibu kwa kujiamini kabisa, tumia Wolff, hiyo Metropolis ni ya 1953, wewe uko karne gani. Wolff ni ya 1989, unakuza kundi la spini zilizoungana halafu unaligeuza lote kwa mpigo, na kwenye sumaku ya kawaida inafanya maajabu, hilo simkatalii. Nikaiandika, ikaenda kwa kasi ya ajabu, grafu ikawa mstari umenyooka kama rula, mistari ya makosa midogo hadi haionekani. Uzuri ule ukanitia wasiwasi. Nishati ya mfumo wenye joto haiwezi kunyooka vile, lazima icheze kidogo. Nikaiambia programu inionyeshe ukubwa wa kila kundi, nikakaa na chai yangu nasoma skrini: 9216, 9216, 9216, 9215, 9216. Yaani kila mara inakamata gridi nzima na kuipindua! Ukipindua kila kitu nishati ni ileile, umefanya kazi ya bure usiku kucha na Luku imeliwa.

Ukikaa chini unaona sababu. Ushirika uliotimia, yaani jozi ya majirani wanaopingana kama wanavyotaka, unaungwa kwa nafasi ya 1 kasoro e kwa hasi 2 beta (beta ni moja gawanya kwa joto), kwenye beta 2 hiyo ni asilimia 98. Na kwenye gridi ya pembetatu theluthi mbili za ushirika wote zimetimia. Kundi litasimamia wapi? Metropolis ya babu kwenye gridi hii haina shida hiyo, kwa sababu kuna spini nyingi zenye majirani watatu juu na watatu chini, hizo zinageuka bure hata kwenye baridi kali, mfumo hauwi jiwe. Taratibu ndiyo, lakini unatembea. Nikarudi kwa babu.

Kupata entropi, vitabu vingi vitakuambia chukua joto maalumu ugawe kwa joto halafu utafute eneo. Usifanye, kwenye baridi unagawa kelele kwa namba ndogo. Pita kwenye beta: anza na ln 2, yaani 0.693, maana beta sifuri kila spini iko huru, toa eneo la nishati kuanzia hapo (nishati ni hasi kwa hiyo eneo linaongeza), jumlisha beta mara nishati. Nikafika beta 4, nishati ikawa -0.999 na kitu kwa kila spini, inatakiwa -1 kamili kwenye sifuri, safi. Entropi ikatoka 0.323.

Nikarusha kwenye grupu. Jamaa akanitumia PDF ya Wannier mwenyewe, amezungushia duara jekundu: 0.3383. Na maneno, "kijana, tafuta bagi yako, nilikwambia." Watu wakaweka vicheko.

Niliitafuta hiyo bagi, yaani kosa kwenye programu, hadi nikachoka. Niliweka gridi ya mraba, sumaku ya kawaida, ikabadilika kwenye joto la karibu 2.269 kama Onsager alivyosema 1944. Nikachukua gridi ya pembetatu ya 4 kwa 4, mipangilio 65,536, nikaihesabu yote mmoja mmoja bila bahati nasibu yoyote, nikalinganisha na simulesheni, zinakubaliana desimali kwa desimali. Sasa bagi iko wapi?

Siku hiyo dukani kuna foleni ya watu wa kutoa kopi za vitambulisho, kati ya mteja na mteja nikaifungua tena ile PDF, safari hii nikaacha namba nikasoma fomula iliyo kabla yake. Mbili gawanya kwa pai, mara intego ya ln ya 2 kos, kutoka sifuri hadi pai gawanya tatu. Ni hesabu ya fomu six hii! Nikafungua Excel, ileile tunayoandikia madeni ya wateja, nikaweka kanuni ya Simpson. Hata ukigawa vipande viwili tu inakuja 0.321, jaribu kwenye kikokotoo chako. Nikaongeza vipande: 0.3231. Mama mmoja ananiuliza kopi zangu ziko wapi na mimi nimeshika kitambulisho chake nacheka peke yangu.

Fomula ya mzee ni sahihi kabisa, ila alipoiweka kwenye namba, mwaka 1950, hesabu haikwenda vizuri. Nikaingia kutafuta, na kweli, mwaka 1973 Wannier mwenyewe alitoa masahihisho kwenye Physical Review B: 0.3231. Kwa hiyo hao wanaosambaza PDF ya 1950 bila ukurasa wa 1973 ndio wanaowatesa vijana.

Nikapiga picha vyote viwili, Excel na masahihisho, nikatupia kwenye grupu bila neno. Jamaa akakaa kimya hadi jioni, akajibu "kumbe kuna erratum", na dole gumba. Samahani hakuna, hata ya utani. Juzi kuna binti ameuliza afanyeje na gridi ya kagome, ambayo nayo imejaa pembetatu, nikaona jamaa anaandika, anaandika, halafu ikatoka: tumia Wolff.