Siku moja maishani mwangu: kusoma pete za shakwe kutoka kwenye boti

Saa 10:40 alfajiri. Nimeamka kabla ya kengele na nimelala macho, nasikiliza upepo. Umetulia. Siku za upepo mkali kazi hii huwa ni kuloweka kamera tu, na leo sina hamu hiyo.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: watafiti wa ndege huwavisha shakwe pete mguuni. Moja ni ya chuma yenye namba ndogondogo, nyingine ni ya plastiki ya rangi, yenye herufi na tarakimu chache zinazoweza kusomwa kwa mbali bila kumkamata ndege tena. Mimi ndiye msomaji. Naenda na boti hadi wanakozalia, napiga picha miguu, narudi na orodha. Watu wakisikia nina lenzi ya milimita 600, ya kuvuta vya mbali, huniomba picha ya shakwe aliyekunjua mabawa jua likichomoza. Ninazo, ila hazinilipi. Anayenilipa anataka mguu. Hapo huwezi kujidanganya kwamba picha "si mbaya sana". Herufi inasomeka au haisomeki.

Saa 11:30. Gatini. Nahodha kanitangulia kama kawaida, anachota maji ya mvua ya usiku kwa kopo na kuyamwaga nje.

"Mzee, leo maji yakoje?"

"Shwari mpaka saa tatu, mwanangu. Baada ya hapo usiniulize."

Mizigo yangu ni michache: kamera, lenzi moja, betri tatu, taulo kuukuu, mfuko usiopitisha maji na mto wa kukalia. Ukiniambia nichague kimoja cha kubaki nacho baada ya kamera, nachukua mto. Stendi ya miguu mitatu naiacha nyumbani. Ardhini ni mkombozi. Kwenye boti miguu yake inakanyaga sakafu na kuipandisha ngurumo ya mashine moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Kichujio cha kupunguza mng'ao wa maji nacho nimekiacha, kwa sababu kinakula mwanga, na mwanga ndio sarafu yangu ya kununulia kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga.

Saa 12:15 asubuhi. Tunakwenda. Boti inapiga mawimbi madogo, nami napanga kamera kwa vidole tu, kuna giza bado. Shata 1/3200 ya sekunde, tundu la lenzi f/6.3, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) naiachia kamera ijipangie. Picha zitakuwa na chenga, vile vidoa vidogovidogo, kiasi asubuhi hii yote, na sijali. Chenga zinasafishika kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika hakuna dawa inayoiponya.

Wengi tulifundishwa kwamba lenzi ya 600 inataka shata ya 1/600. Kanuni hiyo ilitungwa kwa mtu aliyesimama ardhini. Fanya hesabu ya boti. Kwenye kamera ya fremu kamili, lenzi ya 600 inaona digrii tatu na nusu tu kwa upana. Kihisi changu, yaani kile kinachonasa picha ndani ya kamera, kina pikseli (nukta za picha) 6000 kwa upana huo. Boti ikiyumba digrii 5 kwa sekunde, jambo ambalo hata mlevi hatalihisi, kwa 1/600 picha inateleza pikseli 14 hivi shata ikiwa wazi. Sasa herufi ya pete yenye urefu wa milimita 5, ndege akiwa mita 30, inachukua pikseli 16 au 17. Yaani utelezi unakaribia kuimeza herufi nzima. Kwa 1/3200 utelezi uleule haufiki pikseli 3, na herufi inabaki herufi.

Saa 1:00. Fungu la mchanga linaonekana, limejaa shakwe kama chumvi iliyomwagika. Hapa ndipo kazi inapofanyika, na nusu yake inafanywa na mzee, si mimi.

Ndege akiwa chini huelekeza kifua kwenye upepo, na akiruka huruka akiukabili. Kwa hiyo tunazunguka mbali, tunakwenda upande wa joshi, upepo unakotoka, tukihakikisha jua liko mgongoni, kisha mzee anazima mashine na kuuacha upepo utusogeze polepole. Hatuwaendei moja kwa moja kama wanaodai deni. Boti inakwenda kwa mshazari. Jicho langu liko kwenye vichwa vyao. Vikiinuka vyote pamoja, mzee anatia kasia majini na tunasimama. Shakwe akiruka, mayai yanabaki juani, na hakuna pete inayostahili hilo.

Nimekaa sakafuni katikati ya boti, juu ya mto, miguu nimeikunja. Sehemu hiyo ndiyo inayosukwasukwa kidogo kuliko zote. Ukikaa omo, mbele ya boti, unapanda na kushuka kama mtoto kwenye pembea. Viwiko viko kwenye magoti, mkono wa kushoto uko mbali mbele chini ya lenzi, na hakuna kitu cha boti kinachogusa kamera. Boti inayumba, kiuno kinafuata, kichwa kinabaki palepale. Hili halifundishiki kwa maneno. Mimi nilijifunza kwa kumtazama mzee akisimama na kopo la maji limejaa mkononi bila kumwaga tone.

Kisha kungoja wimbi. Boti ikipanda hufika mahali ikasita kidogo kabla ya kushuka. Katika kusita huko napiga mkupuo wa picha tano, natoa kidole. Nikishikilia kidole mfululizo ninarudi na picha elfu nyingi na pete zilezile chache, na jioni yote imekwenda.

Fokasi, inayoamua picha iwe kali wapi, iko kwenye hali ya kufuatilia muda wote, hata kama ndege kasimama kama sanamu, maana ninayesogea ni mimi. Kwa umbali huu eneo lililo ndani ya fokasi halifiki mita moja, na la kusomea herufi ni jembamba zaidi. Utambuzi wa jicho la ndege, ambao kila mtu anausifu, mimi nimeuzima. Unanipa jicho linalong'aa na mguu wenye ukungu. Natumia kisanduku kidogo cha fokasi, nakiweka kwenye mguu wa ndege. Kitulizi cha lenzi nakiacha kimewashwa. Najua wapo wanaosema kwa shata ya kasi hii hakina kazi, lakini kinanitulizia ninachokiona nikichungulia, na nisipokiona kisanduku kimetua kwenye mguu, hiyo 1/3200 inanisaidia nini?

Saa 2:20. Kosa la leo. Mikono imechoka, na lenzi imekuwa nzito kana kwamba mtu anaitia mchanga. Tunahama kona, mashine inanguruma taratibu. Naona shakwe mwenye pete ya kijani amesimama peke yake, naegemeza kiwiko ukingoni mwa boti. Dakika mbili tu. Napiga, napiga, nachungulia nyuma ya kamera nikiwa nimeshajipongeza.

Nikavuta picha hadi mwisho. Pete ipo, rangi ipo, fokasi imekaa mahali pake. Manyoya ya paja yanathibitisha hilo. Lakini kila herufi ina mwenzake pembeni. I imekuwa mbili, kitu kingine kinaweza kuwa H au N, na ukingo wa pete una mistari miwili kama kivuli kilichokosea njia. Utelezi wa wimbi huacha mkwaruzo wa upande mmoja. Mtetemo wa mashine huweza kuacha pacha. Nimeijua alama hiyo miaka sasa na bado nimeegemea. Nikageuka kumwomba mzee azime mashine, shakwe naye akaondoka zake.

"Huyo atarudi," mzee akasema. Hakurudi.

Saa 3:30. Upepo umeingia, kama mzee alivyoahidi. Boti inaanza kwenda mrama na nimetoa ule mdomo wa plastiki wa mbele ya lenzi, maana unashika upepo kama tanga. Taulo sasa liko juu ya kamera. Picha za kukaa haziwezekani tena, kwa hiyo najaribu wanaoruka: nasimama, magoti yamelegea, nikimfuata ndege kwa kiuno tangu akiwa mbali ili fokasi imshike mapema. Akipita karibu miguu ameificha chini ya mkia. Nimepata mmoja tu aliyeshusha miguu kutua, na huyo hakuwa na pete. Lakini kusema kweli ni picha nzuri. Hata mimi sijakauka moyo.

Saa 4:45. Tumehamia upande wenye kinga ya upepo na maji yametulia, lakini sasa mchanga umepata moto. Nachungulia, miguu ya shakwe inacheza kama inayoonekana ndani ya maji yanayochemka. Huo ni mtikisiko wa joto, hewa ya moto na ya baridi zikichanganyika kati yangu na ndege, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoupenya. Dawa ni kusogea karibu, na hatuwezi kusogea. Namwambia mzee turudi.

Saa 8:00 mchana. Kitambaa chenye maji baridi, kukamua, kufuta chumvi kwenye kila kiungo cha kamera. Halafu usingizi.

Saa 10:30 jioni hadi saa 2 usiku. Kompyuta. Picha 1,940. Sitazami uzuri, navuta kila moja hadi pikseli zionekane, naangalia mguu, nafuta. Nyingi zinakwenda, na hazinisikitishi. Zinazobaki naziandika herufi kwa herufi. Pete 23 zinasomeka bila ubishi, karibu zote za kati ya saa 1 na saa 2, pale kwenye mto.

Ya 24 ni ile ya kijani. Nimeirudia mara sita, nikaongeza mwanga, nikapunguza, nikaigeuza nyeusi na nyeupe. Herufi ya kwanza na ya mwisho zimekubali. Ya kati ni H, nikitaka iwe H; nikitaka N, ni N. Kwenye orodha ya watafiti herufi moja ni ndege mwingine kabisa, huenda aliyeshakufa. Nikaacha mstari wazi, nikaandika pembeni "kijani, kona ya pili, haijasomeka", nikachomeka betri kwenye chaji.