Mawinda ya bibi

Leo mwanangu ametimiza miezi mitano, niko hapa darini naanua mawinda yake, nepi zake za kitambaa, kumi na sita, na nimeona niandike kabla sijasahau yaliyotupata.

Arobaini yangu nzima nilitumia pampasi. Za zawadi zilipoisha tukawa twanunua moja moja duka la hapa mtaani Langoni, Lamu, shilingi 20, na mtoto mchanga wambadilisha mara nane mpaka kumi kwa siku, yani kama shilingi 200 zaenda kwenye taka, na bwanangu ni mtu wa bahari, kusi ikivuma hatoki. Basi kwa kubana nikawa namwacha na moja masaa sita saba, manake nikiishika kwa juu ni kavu. Hapo ndipo nilipokosea. Siku moja nafungua nakuta mapaja yamechubuka, mekundu, maji yakimgusa alia mpaka sauti yakauka. Kile kilio bado nakiskia.

Bibi hakunilaumu hata neno. Alifungua sanduku lake akatoa kanga kuukuu tatu, akazikata mraba mraba kwa mkasi. Nikamwambia bibi si ningenunua kanga mpya tu, akanambia, "Mpya ina wanga mwanangu, hainywi maji. Ilofuliwa miaka ndiyo laini." Kipande kimoja kina pambo la korosho nzima katikati, nikimfunga yamkaa sawasawa kwenye makalio, nalipenda hilo kuliko yote.

Na winda halikufichi kitu. Akikojoa tu limelowa, waona, wabadilisha. Hiyo ndiyo ilomponya mwanangu, hiyo na kumwacha wazi apigwe na upepo mchana kama nilivyoambiwa kliniki.

Kazi ipo, siwezi kusema haipo. Kile kigumu nakikung'uta chooni, nasuuza na maji baridi kwanza manake ya moto yagandisha doa, naroweka, asubuhi nafua na sabuni ya mche na kuchemsha. Softena, ile dawa ya kulainisha nguo, sitii kabisa, yaziba nyuzi za pamba halafu mkojo wapita juu kwa juu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, povu halitoki vizuri, kwa hiyo nasubiri ya mfereji yanayotoka visima vya Shela, na kuna siku hayaji. Jua la Lamu ndilo msaidizi wangu, madoa ya manjano yaliyokataa sabuni nayaanika mabichi na jioni yamefifia.

Lakini kinachoniuma zaidi ni jaa. Hiki ni kisiwa, taka zabebwa na punda na haziendi mbali, na pampasi ikilowa ile jeli yake hata moto haishiki. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017, hizi zipo tu. Baada ya bamvua nimeziona pwani zimevimba, fukwe zilezile za visiwa vyetu ambako kasa hupanda kutaga. Lile jahazi la Flipflopi lililoshushwa majini 2018 mafundi wa hapa waliliunda kwa malapa na plastiki za kuokota, na mimi kila nikilikumbuka najiuliza pampasi nilizotupa siku zile arobaini zitaundwa nini.

Mawingu yashaanza upande wa kisiwa cha Manda na bado mawinda manne hayajakauka, wacha niyateremshe niyapige pasi.