Jogoo wa Kuniaga

Jana kanisani walinadi mtetea akafika elfu kumi na nane, watu wakacheka na kupiga vigelegele, mimi nikajikuta nachungulia mlangoni. Mwanangu akanong'ona, "Mama, unamtafuta nani?" Nikamjibu, babu yako. Akanikodolea macho, maana babu yake tulishamzika.

Ilikuwa Tukuyu, 1999, Jumapili ya kuniaga. Nilikuwa naenda bonde la Rukwa kufanya uinjilisti. Ibada ilienda kama mnavyozijua ibada za kuaga: tarumbeta, kwaya, wazee wakaniwekea mikono, mama akalia hadi akaazimwa kitambaa. Mchungaji akakumbusha jinsi wamisionari wa Kimoraviani walivyofika Rungwe mwaka 1891 kwa njia ya Ziwa Nyasa, akasema sasa ni zamu yetu kutumwa. Mwana Kondoo ameshinda, tumfuate!

Habari hiyo baba alikuwa ameshaijibu nyumbani, usiku wa kuamkia siku hiyo. "Na mmoja wao alizikwa mwaka uleule. Mbona hilo halisemwi?" Dini hakuipinga, alibatizwa kabla yangu. Alichopinga ni binti ambaye hajaolewa kwenda mbali kiasi kile, tena kwa posho isiyoeleweka.

Basi hakuingia. Alisimama mlangoni na mabuti yake ya shamba, mwavuli unachuruzika maji sakafuni. Mvua ya Tukuyu, nani asiyeijua.

Mnada ukaanza. Mikungu ya ndizi ikaenda, maharage yakaenda, mwisho akaletwa jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Mzee wa kanisa akaanzia elfu moja. Jirani yetu mwenye mashine ya kusaga akasema mbili. Kimya.

"Mbili mara ya kwanza! Mbili mara ya pili!"

"Tatu." Sauti ikatoka mlangoni.

Kanisa zima likageuka. Jirani akasema nne, baba tano. Sita. Saba. Mzee wa kanisa hakuwa na kazi tena, amebaki kumwinua jogoo tu huku akitabasamu. Baba alipotaja elfu tisa, jirani akainua mikono. Baba akapita katikati ya mabenchi na mabuti yale, akafungua fundo la leso, akatoa pesa za kahawa. Noti zilikuwa zimekunjwa mara nne na zilinuka moshi, kwa kuwa alizificha darini juu ya jiko. Alizihesabu moja moja, kwa kulowanisha kidole gumba, kana kwamba hakuna mtu mwingine mle ndani.

Wengi wakinunua hurudisha, kitu kinadiwe tena. Yeye alinijia moja kwa moja, akanipakatisha jogoo. Hakunitazama usoni.

"Usimchinje kabla hujampatia mitetea."

Basi. Akatoka, akakunjua mwavuli.

Safari yenyewe sina la kusimulia: Mbeya, Tunduma, halafu vumbi hadi Sumbawanga. Jogoo aliwika ndani ya basi, konda akamdai nauli.

Mama alishikilia kwamba ile ndiyo ilikuwa baraka ya baba. Kaka yangu anasema tusidanganyane: baba na yule mwenye mashine walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, wala asingekubali kushindwa naye mbele za watu hata kwa kuku. Nilipokuja likizo nikajipa moyo, nikamuuliza mwenyewe, siku ile alikuwa na maana gani.

Akaniuliza mitetea imefika mingapi.